Taa Iliyozimika Kisimani

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo anayenong'ona kwenye simu kutafuta gari la kunipeleka hospitali ya tatu aizime, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na simu. Nawe mdogo wangu, baba yao mdogo, kaa kwenye kigoda hapa ubavuni pangu, usinikimbie. Haya nataka kuyasema uso wako ukiwepo.

Nimechimba visima miaka arobaini, na sheria yetu mnaijua: taa inatangulia kushushwa, mchimbaji anaifuata, na ikizimika ujue hewa imeharibika, unavuta kamba mara mbili upandishwe hata kama maji umeshayanusa. Mwenye kukata shauri ni aliyeshika kamba juu, kwa sababu aliye chini hewa mbaya inamlevya naye anajiona mzima. Tangu mkiwa wadogo nimewasimulia kwamba kisima cha shuleni tulikikosa kwa sababu baba yenu mdogo aliogopa akanivuta juu, wakaja wengine wakaongeza dhiraa mbili tu, wakapata maji na sifa zote. Mkamcheka. Mkambandika jina la Mwoga, nami nikawasikia nikanyamaza.

Nilidanganya, wanangu.

Siku ile nilikuwa nimeshashika mchanga mbichi, taa ikazimika. Mdogo wangu akaniita nipande, nikamjibu kwamba imezimwa na upepo. Upepo gani ndani ya kisima? Nikamtukana, nikamwambia arudi jikoni kwa mama, kisha nikaanza kuifungua kamba kiunoni ili asipate cha kuvuta; lakini kila asubuhi alikuwa akinifunga kwa mkono wake, nami nikimtania kwamba ananifunga kama mbuzi wa kupelekwa mnadani, na fundo lake likanishinda. Hapo miguu ikaishiwa nguvu. Kuvuta ni kazi ya watu wawili, naye alikuwa peke yake, mwenzake anaumwa. Walimu waliokuja mbio walimkuta akimlilia Mungu kwa sauti huku anavuta, na kamba imemchuna mikono. Mtazameni viganja vyake. Makovu mliyodhani ni ya moto, ni yangu hayo.

Miaka thelathini hakunisuta. Leo asubuhi nimemwomba radhi, akasema, "Kaka, mimi nilishasahau. Ila matusi yako siku ile, lo, yalikuwa ya daraja la kwanza!" Tukacheka mpaka nikapaliwa. Mzigo umenitoka, wanangu, sijawahi kuwa mwepesi hivi.

Sisemi mrudi nyuma kila mnapochoka. Kisima cha sokoni kilitutoa jasho siku kumi na tisa bila tone, lakini taa ilikuwa inawaka, tukaendelea, na watu wanakunywa mpaka leo. Inapowaka, chimbeni. Ikizimika, pandeni bila kuona haya. Na mkielemewa kabisa mwiteni Mungu, lakini kamba msiiachie, mfanye kama baba yenu mdogo.

Binti yangu mkubwa, taa, kamba na sururu ni zako, na usishuke popote ambapo hujafungwa na baba yako mdogo, au na mtu anayehofia uhai wako kama yeye. Nyumba ni ya wadogo zako wawili, ila chumba cha mbele ni cha baba yenu mdogo maisha yake yote. Na lile jina la Mwoga, nisilisikie tena hata kaburini.

Kuhusu hospitali... mlinipeleka ya kwanza, mkanipeleka ya pili, na mlifanya vyema, taa yangu ilikuwa bado inawaka. Daktari alipokunja karatasi zake akashindwa kunitazama, niliona imezimika. Ya tatu siendi. Msijilaumu. Siogopi.

Mungu awape maji matamu kila mtakapochimba... na awape wa kuwashikia kamba. Nimewaridhia wote. Sauti inaniishia... Mdogo wangu, nipe mkono. Si huo, ule wenye kovu kubwa. Hapo. Nikivuta mara mbili... nipandishe. Safari hii sitasingizia upepo.