Askari wa Kooni

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya kusinzia, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake, ambako baba mmoja alimwambia muuguzi aliyeketi naye, "Mafindofindo ya binti yangu nitampeleka hospitali yakatwe. Kila mwezi koo linavimba!"

"Hao ni askari wa mlangoni, kaka. Wanavimba kwa kupambana na vijidudu."

"Askari gani wanaomzuia mwenye nyumba asile?"

Fundi akabana kicheko. Ya watu hayamhusu.

"Basi kabla hujaamua, mama yake amchungulie koo kila asubuhi, kwa tochi na mpini wa kijiko."

"Ndivyo alivyokuwa akifanya." Sauti ya baba ikashuka. "Tangu tumzike, nikishika kijiko mtoto anafumba mdomo. Anasema atafungua mama akirudi."

Basi likasimama kituo cha fundi. Hakushuka.