Risala ya Wasukuma Mikokoteni kwa Mbunge Aliyeisemea Feri

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Badria, mbunge wetu. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinyimvua. Ndugu wafanyabiashara wa Kariakoo,

Karibu. Sisi wasukuma mikokoteni wa kijiwe cha Msimbazi tunakushukuru kwa kuja hadi hapa kwa miguu. Gari lako lisingepita, na tungelaumiwa sisi.

HISTORIA

Kijiwe hiki tumekikuta kwa waliotutangulia. Mzigo unashushwa hapa kwenye lori, na mwenye duka anajua pa kutupata.

MICHANGO YAKO BUNGENI

Mwaka mzima tumekufuatilia redioni. Ukisimama kuchangia, nasi tunasimamisha mikokoteni. Mama Candida wa vitenge alitufokea, "Nyie, mzigo wangu unaungua na jua!" Mwenzetu Kasmir akamjibu, "Mama, mbunge wetu kasimama. Na wewe pumzika kidogo."

Ulisemea barafu ya soko la samaki la Feri, tukapiga makofi. Ukasemea paa la Feri, kisha maji ya kuoshea samaki wa Feri. Tulipiga makofi, ila polepole.

Siku ya bajeti ulisema, "Mheshimiwa Spika, nina wapiga kura wanaobeba mizigo kutwa nzima." Hatukungoja sentensi ya pili. Tulizima redio tukacheza, na mzigo wa Mama Candida tukausukuma bure hadi mtaa wa Gerezani. Kesho yake akaja Abubakary, mbeba samaki wa Feri, kifua mbele.

"Mmesikia mama mbunge alivyotutaja sisi wa Feri? Na nyie tafuteni wa kwenu!"

Mheshimiwa, tuna wivu. Tulijadiliana kama neno hilo linafaa kwenye risala, tukakosa lingine. Feri wana shida zao, hatukatai, na paa wamepata. Lakini na sisi tulipanga foleni kukupigia kura, kwenye jua lile lile.

CHANGAMOTO

Tumepewa notisi ya kuondoka hapa mwisho wa mwezi huu, na hatujaonyeshwa pa kwenda. Mkokoteni usio na kijiwe haupati mzigo, na mwenye mkokoteni huo ana watoto wanaomsubiri kula. Hatukulaumu. Huenda hukujua, maana sisi tulikuwa tunakusikiliza tu, hatukuja kukwambia.

MAOMBI

Bunge linaanza wiki ijayo. Tunaomba useme huko kwamba tuonyeshwe mahali kwanza, ndipo tuhamishwe. Hatuombi Feri wapunguziwe hata ndoo moja ya barafu. Kasmir alitaka tuombe hivyo, tukamkatalia kwa kura, ingawa zilikaribiana.

La mwisho ni dogo. Kabla ya chakula, tunaomba ushike kipaza sauti hiki useme, "wasukuma mikokoteni wa Kariakoo." Mara moja tu. Hatujawahi kulisikia jina letu kwa sauti yako, na tungependa tulisikie leo, tukiwa bado tuna pa kusimama.

Mwenyezi Mungu akufikishe Dodoma salama, na siku ya kutusemea akupe dakika za kutosha.

Ni sisi,
Wasukuma Mikokoteni, Kijiwe cha Msimbazi, Kariakoo
Imesomwa na Leodegar, katibu