Chama cha Basi Namba Tisa

Mbele ya duka langu, pale ngazi za kilimani zinapoanzia, pana kitanda kipana cha mbao. Kukaa juu yake lazima uvue viatu. Anayepanda na viatu ni mgeni au ametumwa na manispaa. Kahawa ni ya pakiti, kwenye vikombe vya karatasi, na kijiko ni pakiti yenyewe ukiikunja vizuri. Hapo ndipo kwa miezi mitatu tumekuwa tukiasisi chama cha siasa. Basi namba tisa, lililokuwa likipanda mlima wetu, lilifutwa majira ya kuchipua, na sasa wa juu wanapanda ngazi mia mbili na kumi na nne. Mzee Pyo, ambaye tunamwita Mwenyekiti, anakaa juu kabisa. Mkewe, Mama Sora, anateremka mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu kwa mashine hospitalini, halafu anapanda. Mwenyekiti alituapisha tusimwambie mkewe habari za chama. Miaka arobaini ya ndoa hajawahi kumwambia kwamba anamhurumia, angeanzia wapi?

Jumanne hiyo, baada ya chakula cha mchana, Mwenyekiti alivua viatu akakaa katikati.

— Leo tumalize itikadi, alisema. Siku zinakwenda.

Profesa, ambaye ni kinyozi na amepata cheo hicho kwa kuwasomea wateja magazeti, akafungua daftari.

— Itikadi ya basi moja haitoshi. Sheria yasemaje? Waasisi mia mbili, halafu wanachama elfu moja katika kila mkoa, mikoa mitano, na makao makuu Seoul. Mtu wa mkoa wa Gangwon atatuuliza, basi lenu linanihusu nini?

— Tumwambie na yeye atapata lake, alisema Breki.

Breki ameendesha basi miaka thelathini na mmoja, na hadi leo akikaa hutafuta mkanda wa kiti.

— Hapana. Itikadi inatakiwa iwe pana. Sikilizeni: "Binadamu wote ni abiria."

— Na dereva je? Mimi miaka yote hiyo sikuwa binadamu?

— Dereva ni dola.

— Dola gani hiyo inakojoa kwenye chupa kwa kukosa nafasi? Acha hizo, Profesa.

— Dola zote, Breki. Hujasoma tu.

Mwenyekiti akauliza kama tungeweza kuandika tu kwamba basi lirudi. Profesa akamtazama kwa huruma.

— Ukidai basi peke yako, mzee wangu, wewe ni msumbufu. Ili uwe chama lazima udai na kitu ambacho hukihitaji.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, alisema Breki.

— Sasa hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia kwa mlango wa mbele, kama abiria wengine. Tuendelee na rangi ya chama.

Rangi ikawa vita. Nyekundu ina wenyewe, bluu ina wenyewe, njano, kijani na machungwa kila moja imeshavaliwa na mtu akatupungia mkono barabarani. Profesa alipiga hesabu akakuta imebaki kahawia.

— Tutaonekana matope, nilisema mimi, nikimimina maji ya moto.

— Wewe muuza duka, matope yananata, alisema Profesa. Wapiga kura hawatatutoka.

— Basi mimi nasema hivi, alisema Breki, sasa ameinuka kwa magoti. Namba tisa isiishie kilimani. Ianzie hapa, ipite Seoul, ivuke mpaka, ilale Pyongyang. Asubuhi inarudi. Taifa limeungana kwa tiketi moja!

— Na ikifika Pyongyang kwa nini igeuze? Profesa aliandika kwa kasi. China iko mbele. Kuna bara zima mbele!

— Dizeli nitaijua mimi.

— Na kilimani litapita? aliuliza Mwenyekiti, polepole.

— Hilo ni suala la ngazi ya chini, mzee. Tutaliundia kamati.

Mwenyekiti akainama kwenye kikombe chake. Nilimwonea uchungu, lakini nilikuwa nimeshawaunga mkono kuhusu China.

Ndipo Mama Sora alipotokea kona ya duka la dawa, plasta kwenye mkono, uso rangi ya karatasi. Kwa kawaida hutupita kwa salamu. Siku hiyo alitazama ngazi, akatutazama sisi, akavua viatu akakaa. Daftari lilikuwa wazi na yeye anasoma haraka kuliko Profesa.

— Chama? alisema. Mna wanachama wangapi?

— Tunahitaji elfu tano, shemeji, alisema Profesa.

— Sijauliza mnahitaji wangapi. Waliogonga mhuri wa kujiunga wangapi?

Akamgeukia Profesa.

— Wewe umegonga?

— Mimi... mpwa wangu aligombea kura za maoni kwenye chama chake, akaniletea fomu, nikagonga. Na sheria hairuhusu mtu vyama viwili.

— Breki?

— Nilisoma darasa moja na yule diwani wa zamani, mama. Ningemkatalia vipi?

Mimi nilijiunga na chama cha mteja wangu mmoja wa mchele, nisimpoteze. Mwenyekiti alijiunga na cha shemeji yake, kakake Mama Sora, siku ya kutengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, mikono ikiwa na pilipili.

— Haya, alisema Mama Sora. Nyinyi watatu wengine mnakaa huku chini. Hilo basi la kwenda juu mnamtakia nani?

Breki alitafuta mkanda. Mwenyekiti alishika kiatu chake kimoja akakigeuza, akakigeuza tena, masikio yamemwiva.

Mama Sora alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akafungua mkoba wa hospitali, akatoa mhuri wake wa jina, ule wa kutilia sahihi.

— Mimi sina chama. Kaka yangu alijua asinisumbue. Nigonge wapi?

— Lakini itikadi haijakamilika, alisema Profesa.

— Andika. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Profesa akaandika. Mama Sora akagonga mhuri, akavaa viatu, akaanza kupanda. Mwenyekiti akamfuata akiwa amekanyaga visigino vya viatu vyake, na kwenye ngazi ya kumi hivi nikamwona, mara ya kwanza tangu niwajue, amemshika mkono mbele za watu.

— Na hilo niliandike? aliuliza Profesa.

— Hilo liache, alisema Breki. Niulizie tu jinsi ya kumwambia diwani kwamba najitoa kwenye chama chake.