Dirisha la Jikoni la Mama Albertine Feza (1955–2025)

"Koko, vita iliisha zamani. Kwa nini dirisha la jikoni yako bado limezibwa?"

Hilo ndilo swali ambalo mjukuu wake Sandrine, anayewasomea wasifu huu, alimwuliza mwaka 2016. Alikuwa na miaka minane, na moshi ulikuwa umemtoa machozi. Mama Albertine aligeuza sombe ya majani ya muhogo chunguni, akasema, "Funga mulango, Sandrine." Sandrine akafunga.

Mama Albertine Feza alizaliwa Lokandu tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Baba Soudi, fundi wa kujenga, na Mama Odile, aliyekausha samaki kwa moshi na kuwauza. Alipenda kusema kwamba alijua kukohoa kabla ya kujua kutembea. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao mpaka akakohoa.

Alianza shule kwa masista mwaka 1961. Uasi wa 1964 ulimkuta darasa la tatu, shule ikafungwa, naye hakurudi tena. Lakini alisoma kwa sauti kila karatasi ya sabuni iliyopita mikononi mwake, na wajukuu wakitoka shule aliwangoja mlangoni. "Leo wamewafundisha nini? Usiniambie hakuna. Siku muzima, hakuna?"

Mwaka 1973 alikuja Kindu, akauza mchele wa Kailo na samaki wakavu karibu na gare, kituo cha treni. Hakuna aliyemwona akiuza amekaa. Wateja walimwambia, "Mama, kaa kidogo." Yeye akajibu, "Nikikaa, muchele nao unakaa."

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Baba Joël Kalume, mfanyakazi wa reli, mtu mpole aliyemwacha aseme kwa niaba ya wote wawili. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tufike mwaka 2002. Wakubwa mliopo hapa mnaujua kuliko anayesoma. Kindu ilikuwa imezungukwa, mashamba hayafikiki, na nyumba iliyotoa moshi ilijulikana kuwa ina chakula. Asubuhi moja ya mwezi wa sita Mama Albertine alipika uani mchele wa mwisho. Watu wenye silaha wakaufuata moshi. Baba Joël alishika chungu, akakataa kukiachia. Walimpiga, na siku ya nne akafariki. Wiki ile ile Mama Albertine alihamishia moto ndani ya jikoni, akaziba dirisha kwa matofali, akajaza udongo kila tundu chini ya mabati, akapika mlango umefungwa. Watoto wake walikula, na wakabaki hai.

Vita ikaisha. Matofali yakabaki. Alipika hivyo miaka ishirini na moja, na kila mwaka alikohoa zaidi kidogo. Wanawe walipomgusia dirisha, aliondoka kwenda kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Mwaka 2023 mjukuu wake Ange, mwenye miaka mitatu, aliyeshinda mgongoni mwake jikoni, aliugua mapafu mara tatu katika miezi mitano. Mara ya tatu kifua chake kilikuwa kinazama kila alipovuta pumzi. Pale kituo cha afya, muuguzi Mama Élisabeth aliuliza, "Munapikia wapi?"

"Inje," akasema Mama Albertine.

Sandrine alikuwa amejifunza mapafu darasani wiki ile ile. Akasema, "Koko anadanganya, mama. Tunapikia ndani, na dirisha hakuna."

Mama Élisabeth hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba dawa itamponya Ange wiki hii, lakini moshi utamrudisha hapa, na siku moja hatarudi nyumbani. Afungue dirisha, akaushe kuni, na mtoto asikae karibu na moto.

Njiani Mama Albertine alitembea mbele, haraka. "Unauzisha koko yako kwa munganga," akasema bila kugeuka. "Na bei hata hukuomba." Lakini kesho yake alimwita jirani Cédric, fundi wa kujenga. Cédric alipiga nyundo mpaka jasho likamtoka, akauliza, "Mama, ukuta huu ni wewe ulijenga? Hata gereza haina kama huu."

"Baba yangu alikuwa fundi," akajibu. "We piga."

Siku ya kwanza moshi ulipotoka dirishani na kupanda juu ya paa, Mama Albertine hakukaa jikoni. Alisimama kwenye njia, akitazama huku na huku, sombe ikaungua yote. Siku ya pili ikaungua nusu. Siku ya tatu tulikula vizuri. Ange hajalazwa tena tangu wakati ule. Ndiye yule pale, aliyekataa kuvaa viatu.

Mapafu ya Mama Albertine mwenyewe yalikuwa yamechoka. Tangu mwezi wa saba mwaka huu hakuweza kulala chali. Alikaa kitandani akiegemea mito. Alifariki nyumbani, Mikelenge, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini.

Ameacha watoto watatu, Didier, Françoise na Josiane, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Mungu ampokee, ampe pumziko na pumzi tele.

Siku tisa kabla ya kufariki, Sandrine alikuwa akimpepea. Hakuwa ameuliza kitu. Mama Albertine alimshika mkono na kusema, polepole, akipumzika kati ya maneno:

"Uliniuliza juu ya dirisha. Wote walisema vita imeisha, na mi nilisikia. Lakini hakuna hata mutu mumoja alikuja kusimama mu mulango yangu, aniambie, Albertine, sasa pika."