Glovu Moja Tangu Asubuhi

Basi la kwenda hospitali ya wilaya lilikuwa halijafika mbali, na muuguzi mstaafu alikuwa amekwisha kuunusa mguu wa abiria aliyesinzia kando yake, mguu uliofungwa bandeji hadi gotini.

"Lilikuwa jipu tu, mama," mke wa mgonjwa alieleza. "Mwezi wa pili huu, kila sindano imegonga mwamba. Leo daktari anaamua kama ataukata."

"Mlifungua kapsuli mkanyunyiza unga kidondani, sivyo?"

"Siku tatu. Alipopata nafuu, zilizobaki nikampa shemeji."

"Loo! Mmevionjesha vijidudu dawa kidogo kidogo, leo mnashangaa vinaidharau!" Muuguzi alichekea puani. Kwa miaka thelathini alikuwa amewakaripia watu wa namna hii, na hawakuwahi kuadimika.

Mke hakuinamisha kichwa. "Haya, mjuzi. Lakini jipu lilikuwa dogo kama harage. Liliumuka baada ya kufungwa pale zahanati. Nesi alikuwa amevaa glovu moja tangu asubuhi, na mume wangu alikuwa wa kumi na mmoja kwenye foleni. Glovu ile ilikuwa ikimkinga nani?"

"Zilikuwa chache," muuguzi alijibu upesi mno. "Nyingine tulizifua tukazianika."

"Aa! Kumbe nawe ni mwenzao!"

Basi likasimama langoni mwa hospitali. Mgonjwa alizinduka, akaanza kujikongoja, na muuguzi akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Mke aliutazama mkono ule, kiganja na mgongo.

"Umenawa, mama?"