Historia ya Kaka Yetu, Mkaguzi wa Maji ya Mvua

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, jukumu la kuwasomea historia ya kaka yetu, nami naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi niliyopewa ina ukurasa mmoja na nusu, na ninayotakiwa kusema ni zaidi ya hapo.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, wa kwanza kati ya watoto watano wa baba fundi wa reli na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, ambamo sisi wavulana tulilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, yeye ukutani na mimi ukingoni, na kila nilipoanguka, aliyechapwa ni yeye kwa kutonishika. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza 1972, akasoma sekondari hadi 1976, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila daftari zake zilikuwa safi kiasi kwamba mwalimu wa hesabu alizitembeza madarasa mengine, nasi tuliomfuata tukala viboko vya bure kwa kutofanana naye. Tarehe 30 Novemba 1979 alihitimu chuo cha ufundi, akapata cheti cha ujenzi wa barabara na mitaro.

Tarehe 3 Machi 1980 aliajiriwa na halmashauri kama fundi wa mitaro, akapanda ngazi polepole bila kumpiga mtu kumbo, na tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, karani wa maktaba, ambaye alimchumbia kwa kwenda kila Jumamosi kukagua bomba la maji ya paa la maktaba, bomba zima kabisa, na shemeji akikana leo, mimi nilikuwepo. Walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa 1990, ambaye sasa ni mhandisi, na pacha wa kiume waliozaliwa 1994.

Mwaka 2004 halmashauri ilipitisha sheria ndogo za maji ya mvua, kaka akateuliwa kuwa mkaguzi wake wa kwanza. Kwa wasiozijua, sheria zile zilisema kwamba yeyote anayejenga nyumba zaidi ya tatu kwenye kiwanja kimoja ahakikishe maji ya mvua hayatoki pale na uchafu wake, achimbe bwawa la kutuamisha matope, amwage kokoto langoni ili magari yasitoke na udongo kwenye tairi, na ajenge karo la kunasa mafuta, kwa sababu mvua haijui mpaka, inachukua saruji na dizeli ya tajiri huku juu na kumpelekea maskini kule chini. Kaka hakuwa na imani na bwawa kavu. Alisubiri mvua inyeshe, akavaa buti, akakinga maji yanayotoka kiwanjani kwenye chupa ya kioo, akaiweka juu ya meza ofisini kutwa nzima, na matope yakituama kuzidi upana wa kidole, hati ya kuidhinisha kiwanja hupati ng'o, hata ungekuwa diwani. Wakandarasi wakambandika jina la Bwana Chupa, nami, mkandarasi mwenzao, nilicheka nao.

Hapa karatasi inasema, nanukuu, mwaka 2011 alihamishiwa idara ya ghala, ambako alitumikia hadi kustaafu. Sentensi hiyo niliipitisha mwenyewe juzi, nikasema iko sawa, lakini haiko sawa, kwa hiyo karatasi naikunja.

Mwaka 2010 nilikuwa najenga nyumba kumi na mbili kwenye mteremko ulio juu ya mtaa wa bondeni, wanunuzi wananisumbua kwa simu, na bila hati ya kaka nisingeweza kumkabidhi mtu ufunguo. Aliniambia nisubiri mvua kama wengine. Nikamfuata kwa mama siku ya Jumapili, tukiwa mezani, nikasema mbele ya mama kwamba mwanawe anaiamini chupa kuliko damu yake, na mama, ambaye hakujua bwawa wala karo ni nini, akaacha kula akamtazama tu. Tarehe 21 Septemba alikuja kiwanjani, jua linawaka, akalipima bwawa langu urefu, upana na kina, akakuta limechimbwa barabara, akaniuliza mara mbili kama litabaki vile, nikamwapia, akasaini. Ndiyo mara pekee aliyosaini bila kusubiri mvua.

Tarehe 27, siku sita tu baadaye, nilileta tingatinga nikalifukia bwawa lile, kwa sababu pale zingeingia nyumba mbili zaidi. Nilijiambia mvua za mwaka ule zingekuwa za rasharasha. Jamani, tarehe 9 Novemba ilinyesha kutwa, na matope yangu, saruji yangu na dizeli ya mapipa yangu vikateremka hadi kwenye chemchemi ya bondeni, watu thelathini na mmoja wakaugua matumbo, wengi wao watoto, na kama hakufa mtu, hiyo ni rehema ya Mungu na wala si sifa yangu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa tarehe 14 Desemba kwenye ukumbi wa halmashauri, nami nilikuwa safu ya pili, kofia mkononi. Mwenyekiti alimuuliza kaka ilikuwaje akaidhinisha kiwanja kisicho na bwawa. Kaka akanyamaza, muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa, hakugeuka kunitazama, na nilielewa pale pale kwamba kimya kile alikuwa ananiachia mimi nisimame. Sikusimama. Miguu ilikuwepo, afya nilikuwa nayo, ila niliiona leseni yangu inakwenda na maji, nikang'ang'ania kiti. Ndipo akasema kwamba alisaini wakati wa kiangazi kinyume na utaratibu wake mwenyewe, na kwamba kosa ni lake, akakaa chini.

Mimi nilitozwa faini ya uzembe nikaendelea kujenga, yeye akapelekwa ghalani kuhesabu koleo na mabomba. Mtaani wakamla kisogo kwamba alipakwa mafuta kwenye viganja, na binti yake, aliyekuwa chuoni mwaka wa pili, akayasikia hayo kwa wenzake, akaja kumuuliza, kaka akamjibu kwamba alifanya haraka, basi. Binti hakuamini, na tangu siku hiyo akawa anamsalimia baba yake kama mtu amsalimiavyo karani wa benki. Nilikuwa nayaona haya kila sikukuu, nakula, nanawa, naondoka.

Kwa miaka miwili kaka alishuka bondeni kila Jumamosi na koleo lake kuzoa matope ya chemchemi, na watu wakasema dhamiri inamsuta. Dhamiri ya kusutwa ilikuwa yangu, nami Jumamosi hizo nilikuwa naosha gari.

Alistaafu tarehe 13 Aprili 2018. Februari 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mimi ndiye niliyemwendesha, miaka miwili na zaidi, tukiongea mpira na bei ya matairi, na hata siku moja hakunikumbusha, na hata siku moja sikumwomba msamaha, nikisema moyoni acha apate nafuu kwanza. Wiki mbili kabla hajafariki aliiambia familia kwamba historia yake nisome mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua yote. Nilivimba kichwa kwa heshima ile, hadi jana nilipokaa na karatasi nikatambua ananiachia tena swali la mwenyekiti nilijibu mimi. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Binti yangu, baba yako hakuhongwa na mtu. Alidanganywa na mdogo wake, akachagua wewe umkasirikie yeye kuliko mimi nifungwe, na miaka kumi na miwili na nusu ya kupatana na baba yako niliyokunyang'anya sina namna ya kukurudishia. Jumatatu saa mbili nitakuwa kwa mkurugenzi wa halmashauri na maelezo yangu yaliyoandikwa, na chochote kitakachofuata, kifuate.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, wafanyakazi wa ghala waliomchangia damu bila kuombwa, majirani waliokesha na shemeji, na kwa namna ya pekee ninyi wa bondeni, mliokuja jana kumchimbia kaburi mkiamini ndiye aliyewachafulia maji, mkamchimbia hivyo hivyo.

Kaka, kazi ya kuninyamazia imekwisha. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.