Bahasha ya Enid

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, hapa Bletchley, mkabala na kanisa ambako kwaya hufanya mazoezi. Wanaokaa ni walewale: Meja, ambaye vita nzima alimenya viazi, Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea, mimi na chupa yangu ya chai, na Enid. Huyu, enzi za vita, alifanya kazi kwenye jumba kubwa la hapa mjini, walikofumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Aliapa kufunga mdomo, na kwa miaka hamsini ameufunga kweli. Mumewe alikufa akijua alioa karani. Sasa Jumamosi kwaya inaimba wimbo mpya wa kuwasifu wanawake wa jumba hilo. Enid ndiye wa kuuanza, peke yake. Leo ni zoezi la kwanza, naye anataka kujitoa.

— Niliweka saini, alisema. Siwezi kuimba siri kanisani.

— Siri ilishafunguliwa zamani, mwenzangu, nikamwambia. Hata televisheni inaisema.

— Televisheni haikuweka saini.

— Ana haki, Meja akadakia. Jeshini ukiropoka unafungwa.

— Wewe ungeropoka nini, bwana? Viazi?

— Idadi yake. Adui akiijua, anajua na idadi ya askari.

Redio akasogea.

— Nimesikia Jumamosi watakuja watu wawili wenye makoti. Watakaa nyuma.

— Ni Novemba, Redio. Kila mtu ana koti.

— Hawa hawataimba.

— Na ile tuni, Meja akasema, huenda ina herufi ndani yake. Mjerumani mwenye sikio akisikiliza...

— Vita imekwisha.

— Una hakika yeye kaambiwa?

Enid alishika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Midomo ilimpauka. Nikaacha mzaha, maana huyu anaipenda kwaya kuliko kula.

Ndipo akavuka barabara Gwen, mpiga piano wetu mgeni, anamtafuta.

— Bi Enid, kwani huo wimbo unataja siri gani?

Meja akamtazama Redio. Redio akatazama viatu vyake. Mimi nikamimina chai kwenye kikombe kilichojaa.

Enid akatoa mkobani bahasha ya wimbo. Ilikuwa bado imefungwa.

— Tangu Jumatatu hujaisoma?

— Imeandikwa sauti ya pili. Mimi ni ya kwanza. Kule kazini bahasha ya chumba kingine huifungui.

— Nilikosea kugawa, mama. Maneno ni yaleyale.

Gwen akaichana, akasoma: baridi ya kibandani, baiskeli kwenye matope, soksi zilizotoboka, na wasichana wasioulizana kitu.

— Basi? Enid akauliza.

— Basi.

Enid akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

— Soksi nitaimba, akasema. Zangu zilikuwa na matundu mawili.

Akanywa chai yake yote, akamfuata Gwen. Punde tukamsikia kutoka kanisani, sauti safi, haitetemeki.

— Ila bado hatujui alifanya nini mle ndani, Redio akasema.

— Hatujui.

Nikaitikisa chupa. Tupu.